Dramu za umeme: Jinsi ya kuchagua seti ya mazoezi ya nyumbani isiyosumbua majirani

Mpiga dramu ana tatizo ambalo mpiga gitaa hana. Gitaa hubebwa mgongoni na kupigwa taratibu chumbani. Dramu hubaki kanisani au ukumbini, ufunguo uko kwa mtu mwingine, na mazoezi ni siku moja au mbili kwa wiki. Kijana akizipeleka nyumbani, hasa katika nyumba za kupanga za Tunduma, Mlowo au Vwawa, jirani aliyerudi kutoka safari ya usiku na lori hawezi kulala. Wapo wanaoambiwa na mwenye nyumba wachague moja: dramu au chumba.

Dramu za umeme zinaweza kumaliza ugomvi huo, lakini ni kitu cha gharama, na si kila seti inayoitwa ya kimya ni ya kimya kweli. Katika makala hii tunaeleza zinavyofanya kazi na mambo ya kuangalia kabla hujatoa pesa.

Zinafanyaje kazi?

Badala ya ngoma zenye tumbo na matoazi ya shaba, seti hii ina pedi. Ndani ya kila pedi kuna kihisio kidogo kinachotambua pigo na nguvu yake. Taarifa hiyo hupita kwenye waya hadi kwenye kisanduku ambacho wauzaji hukiita moduli. Moduli ndiyo yenye sauti za ngoma, nawe unazisikia kwenye hedifoni au spika.

Kwa hiyo jirani hasikii sauti ya ngoma. Anachosikia ni mambo mawili: fimbo inavyogonga pedi, na mguu unavyogonga sakafu kupitia pedali. Haya mawili ndiyo ya kuzingatia unapochagua.

Pedi za mpira au za wavu?

Pedi za mpira ni za bei nafuu na hudumu, lakini hugonga kwa sauti kavu na huchosha vifundo vya mikono. Pedi za wavu zina kitambaa kilichosokotwa na kukazwa kama ngozi ya ngoma. Zilipata umaarufu tangu mwaka 1997, kampuni ya Roland ya Japani ilipotoa seti zake za V-Drums. Fimbo hurudi kama kwenye ngoma halisi, na mlio wake ni mdogo kuliko wa mpira.

Kwa nyumba zetu tofauti hii ni kubwa. Nyumba nyingi za kupanga hazina dari, na ukuta kati ya chumba na chumba haufiki kwenye bati. Sauti hupita juu ya ukuta kama vile mlango uko wazi. Ukiishi katika nyumba ya namna hiyo, tafuta seti yenye wavu angalau kwenye sneya na tomu. Matoazi ya seti hizi huwa ni ya mpira au plastiki karibu zote, kwa hiyo hayo yapige kwa kiasi. Ukiwa na nyumba yako mwenyewe shambani, mbali na jirani, mpira unakutosha.

Mguu ndio wenye kelele

Watu wengi hununua seti nzuri, kisha wanashangaa jirani bado analalamika. Mara nyingi sababu ni ngoma ya mguu. Nyundo ya pedali inapogonga pedi, mtikisiko hushuka sakafuni na kusambaa kwenye kuta. Sakafu ya saruji iliyokaa juu ya ardhi huumeza kwa kiasi kikubwa. Kwenye ghorofa, anayeishi chini husikia kila pigo.

Zipo seti ambazo pedali yake haina nyundo kabisa. Hizi ni kimya zaidi, lakini mguu hauzoei uzito wa pedali halisi, na Jumapili utauona ugeni huo. Ushauri wetu: kama unaishi chini, chukua seti yenye nyundo na pedi yake. Kama uko ghorofani, isiyo na nyundo ni salama zaidi.

Unaweza pia kupunguza mtikisiko kwa gharama ndogo. Chukua ubao mpana na mgumu, uweke juu ya vipande vya godoro la sponji au tyubu kuukuu za gari zilizojazwa upepo kidogo, kisha panga seti juu yake. Kitu laini kilicho chini ya ubao huzuia mtikisiko kufika sakafuni. Mkeka au zulia peke yake huzuia seti isiteleze, lakini mtikisiko hupita.

Hedifoni: tumia za waya

Hedifoni za bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Kwa kusikiliza redio hutagundua. Kwa dramu ni balaa: unapiga sasa, unasikia baadaye, na mwendo unaharibika. Tumia hedifoni za waya zinazofunika sikio zima.

Simu yako bado ina kazi. Moduli nyingi zina tundu la kuingizia muziki, hivyo unaweza kuunganisha simu na kupiga ukifuatana na wimbo wa kwaya.

Linda masikio pia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80, na sauti ikipanda, muda lazima ushuke. Masikio yakilia baada ya mazoezi, ulikuwa umefungua sauti kupita kiasi.

Umeme na sola

Seti hizi hutumia umeme kidogo kupitia adapta, nyingi zikiwa za volti 9 au 12. Adapta ndiyo hupotea au kubadilishwa kwenye vitu vya mtumba. Kabla ya kuchomeka adapta nyingine, linganisha volti, ampea, na alama ndogo inayoonyesha kama chanya iko katikati au nje. Alama hiyo ikipishana, unaweza kuunguza moduli. Kwa sababu hiyohiyo usiunganishe moduli moja kwa moja na betri ya sola. Pitia kwenye inverta na adapta yake yenyewe.

Jaribu kabla ya kulipa

Usinunue kwa picha. Iwe ni Tunduma, Mbeya au Kariakoo, washa seti na ufanye haya:

1. Piga kila pedi polepole, kisha kwa nguvu. Sauti ipande kwa kufuata mkono wako.
2. Piga pedi moja na usikilize kama nyingine inalia bila kuguswa.
3. Kanyaga na uachie pedali ya haihati. Sauti ya kufungwa na ya kufunguka zitofautiane wazi.
4. Piga ukingo wa sneya. Kwa nyimbo za taratibu utauhitaji.
5. Tikisa waya na bonyeza kila kitufe cha moduli.
6. Angalia kama vibano vya fremu vinakaza.

Dai risiti ya EFD. Ukinunua upande wa Nakonde, Zambia, pitisha mzigo forodhani katika kituo cha pamoja cha mpakani na utunze hati zake. Bei nzuri ya ng'ambo haina faida mzigo ukikamatwa.

Kama pesa haitoshi

Usikope kwa ajili ya seti kubwa. Pedi moja ya mazoezi na metronomu ya bure kwenye simu hujenga mikono vizuri kabisa. Kama kanisa lina dramu za kawaida, zipo ngozi za wavu zinazofungwa juu yake na kupunguza sauti kwa kiwango kikubwa. Dramu za kukunja za silikoni zinafaa mtoto anayeanza, ila pedali zake ni vitufe tu.

Jambo la mwisho ni la ujirani. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kelele ya nyumbani inaweza kukufikisha kwenye serikali ya mtaa. Kabla hujaanza, mwite jirani asikilize akiwa chumbani kwake huku wewe ukipiga. Mkubaliane saa. Jirani aliyeulizwa huvumilia mengi kuliko aliyeshtukizwa.