Njia za Miguu katika Vilima vya Chaki vya Chiltern

Vilima vya Chiltern, vinavyoanzia ukingoni mwa mto Thames karibu na Goring na kupinda kuelekea kaskazini-mashariki hadi upande wa Hitchin, viko karibu na London kiasi kwamba mkazi wa jiji hilo huweza kupanda treni asubuhi, akatembea mchana kutwa misituni na mabondeni, kisha akarejea nyumbani kabla ya chakula cha usiku. Kwa urefu si vya kutisha, kwani kilele chake kikuu, Haddington Hill karibu na mji wa Wendover, kina mita 267 tu kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyekulia Usambara au Uluguru angesita kukiita mlima. Sifa yake kubwa ni wingi wa njia za miguu zinazovikata kila upande, ambazo wageni hudhani kwamba zilipasuliwa kwa ajili ya matembezi yao. Karibu zote zilikuwapo kabla kutembea hakujawa starehe: zilifunguliwa na watu waliokuwa kazini, na zimebaki wazi kwa sababu watu wengine, waliokuja baadaye, walizigombania mahakamani na Bungeni.

Mwelekeo wa njia hizo uliamuliwa kwanza na jiwe lenyewe. Chaki ni aina ya chokaa laini na nyeupe, iliyojengeka katika zama ambazo wanajiolojia huziita Kretasia, zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita, pale mabaki ya viumbe wadogo mno wa baharini yalipotuama na kurundikana tabaka juu ya tabaka. Kwa kuwa jiwe hilo lina vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, mvua inayolinyeshea hudidimia badala ya kutiririka, na maji hayaonekani tena mpaka yafike chini ya mteremko, ambako hukutana na udongo mzito wa mfinyanzi yakalazimika kububujika kama chemchemi. Vijiji vya kale vya upande wa kaskazini-magharibi, Ivinghoe, Wendover na Ellesborough vikiwamo, vilijipanga kuufuata mstari huo wa chemchemi kama shanga katika uzi. Kila kijiji kilikuwa na parokia yake, yaani eneo la kanisa moja ambalo pia lilikuwa kitengo cha utawala, na parokia nyingi zilikatwa ziwe ndefu na nyembamba ili kila moja ipate sehemu yake ya kila aina ya ardhi: mashamba na majani ya ng'ombe kule bondeni, malisho ya kondoo mteremkoni, na kuni na mbao kule juu, ambako chaki imefunikwa na mfinyanzi uliochanganyika na mawe ya gumegume. Mwanakijiji alilazimika kupanda na kushuka karibu kila siku, na ndiyo sababu njia nyingi za kale za eneo hilo huelekea moja kwa moja kilimani. Baadhi yake zimechimbika kwa kwato, magurudumu na maji ya mvua, hata zikawa mifereji mirefu ambamo mtu hupita akiwa amezama kupita kimo chake, huku mizizi ya miti ikining'inia kandoni.

Njia zinazofuata urefu wa vilima badala ya kuvikata zina historia nyingine, na ni hizo zilizozungushiwa hadithi nyingi zaidi. Icknield Way, inayopita chini ya mteremko, imetajwa katika hati za mipaka ya ardhi za Waanglo-Saksoni kuanzia 903, wakati ile iitwayo Ridgeway, yaani njia ya mgongoni, huanzia Overton Hill karibu na mawe ya kale ya Avebury, ikapita juu ya farasi mweupe wa Uffington, mchoro wa takriban mita 110 uliochimbwa kilimani na kujazwa chaki katika Zama za Shaba au mwanzoni mwa Zama za Chuma. Vitabu vya wasafiri hupenda kusema kwamba Ridgeway ni barabara ya miaka 5,000 na ndiyo kongwe kuliko zote Uingereza, lakini kauli hiyo yafaa kupokelewa kwa tahadhari. Kuwepo kwa makaburi na ngome za kale kando ya njia hakuthibitishi kwamba njia nayo ilikuwapo siku zile, na baadhi ya wanaakiolojia wametilia shaka kama kuliwahi kuwa na barabara moja inayoendelea, badala ya mikondo mingi iliyobadilika kwa kufuata majira na matope. Lililo wazi zaidi ni matumizi yake ya karne za karibuni, ambapo waswagaji walipitisha mifugo kutoka Wales na magharibi mwa Uingereza kwenda kuuzwa kwenye masoko ya upande wa London, wakipendelea mgongo wa chaki kwa sababu ulikuwa mpana, mkavu na wenye majani, na pia kwa sababu huko hapakuwa na vizuizi vya barabara za ushuru.

Ndani ya misitu, historia ya njia ni historia ya useremala. Mti unaotawala Chiltern ni biichi, wenye shina refu na gome laini la kijivu, ambao kwa karne nyingi ulikatwa kuwa kuni na kusafirishwa kwa mashua kutoka Henley na Marlow kwenda London. Makaa ya mawe yalipoliondoa soko hilo, mti huo ulipata kazi mpya katika viti vya mji wa High Wycombe, hasa vile vinavyojulikana kwa jina la Windsor, ambavyo miguu na fito za mgongo huchomekwa katika kikalio kimoja cha ubao mzito. Wakereza, yaani mafundi wanaochonga mbao za duara kwa kuzizungusha mbele ya patasi, walinunua miti ikiwa bado imesimama, wakaiangusha, wakajenga vibanda humohumo msituni, na kukereza miguu ya viti kwa kerezo la mguu, ambalo kamba yake ilifungwa kwenye ufito unaonesa juu ya kichwa cha fundi. Ilikuwa rahisi zaidi kuitoa msituni miguu iliyokwisha kuchongwa kuliko kuyaburuta magogo, na vijia vingi ambavyo leo huonekana kupotea ovyo kati ya miti viliwahi kuelekea kwenye vibanda hivyo. Bondeni, kando ya mito ya chaki kama Chess na Misbourne, ambayo hulishwa na chemchemi na katika miaka mikavu baadhi ya sehemu zake za juu hukauka kabisa, njia ziliwaongoza watu kwenye vinu vya kusagia nafaka na viwanda vya karatasi, na baadaye kwenye vitalu vya mboga ya majini iliyopelekwa London kwa treni.

Hatari kwa njia hizo ilikuja na uzio. Kati ya 1750 na 1850 hivi, Bunge lilipitisha maelfu ya sheria za kuzungushia ua ardhi za pamoja, yaani ardhi ambayo ingawa ilikuwa na mmiliki, wanakijiji walikuwa na haki ya kuchungia mifugo na kuokota kuni ndani yake. Sheria ya 1815 iliongeza jambo baya zaidi kwa mtembea kwa miguu, kwani iliwaruhusu mahakimu wawili wa amani kuifunga njia yoyote waliyoiona kuwa haihitajiki. Mahakimu hao hawakuwa watumishi wa kulipwa bali mabwana wenye mashamba wa wilaya hiyohiyo, hivyo kwa kawaida aliyetaka njia ifungwe alikuwa jirani au rafiki wa aliyetia saini. Upinzani ulianza mapema, na vyama vya kulinda njia za kale viliundwa York mwaka 1824 na Manchester mwaka 1826, lakini vilikuwa vidogo na mbali na Chiltern.

Huko Chiltern mapambano yaliyokumbukwa zaidi yalitokea Berkhamsted mwaka 1866. Earl Brownlow, bwana wa shamba kubwa la Ashridge, alizungushia ua wa chuma wenye kimo cha karibu mita moja na nusu sehemu kubwa ya malisho ya pamoja ya mji huo. Augustus Smith, mwenye ardhi katika wilaya hiyo na mtawala wa visiwa vya Scilly, alisaidiwa na Commons Preservation Society, chama cha kutetea ardhi za pamoja kilichoanzishwa mwaka mmoja kabla, na badala ya kungoja mahakama aliamua kuubomoa. Usiku wa tarehe 6 Machi, vibarua zaidi ya 100 walikusanywa katika stesheni ya Euston jijini London, wakapakiwa katika treni maalumu hadi Tring. Mkandarasi aliyepewa kazi hiyo alikutwa amelewa asijiweze, ikabidi karani wa wakili ashike uongozi, akawatembeza vibarua gizani hadi malishoni, na kulipopambazuka uzio wa kilomita tatu ulikuwa umelazwa chini kwa utaratibu. Asubuhi hiyo wenyeji walifika kwa magari ya farasi na kwa miguu, wakakata matawi ya vichaka vya miiba wakayachukua nyumbani, ishara kwamba haki yao ilikuwa imerudi. Kesi iliyofuata ilimalizika mwaka 1870 kwa ushindi wa Smith.

Waandishi wa baadaye wameufanya usiku ule kuwa mwanzo wa uhuru wa kutembea, jambo ambalo si sahihi kabisa. Haki iliyoshinda ilikuwa ya kuchunga na kukata kuni, nayo ilikuwa ya wenyeji waliorithi haki hizo, si ya mgeni aliyetoka mjini kupunga upepo. Hata hivyo, ardhi iliyonusurika kuzungushiwa ua ndiyo ambayo mgeni huyo aliikuta wazi alipofika, na alifika upesi, kwani reli ya Metropolitan kutoka London ilifika Chesham mwaka 1889 na Amersham mwaka 1892. Kampuni ya reli hiyo, iliyokuwa na treni tupu siku za Jumapili na viwanja vya kuuza, ilianza mwaka 1915 kuchapisha kila mwaka kijitabu kiitwacho Metro-land, kilichosifu misitu ya biichi kwa lugha tamu sana, bila kukaa sana juu ya ukweli kwamba nyumba ilizokuwa ikiziuza zingeimeza sehemu ya misitu hiyo.

Wingi wa watembeaji ulizaa hoja ya kisheria ambayo ndiyo kiini cha historia yote hii. Kwa sheria ya Kiingereza, njia huwa ya umma iwapo mwenye ardhi aliitoa kwa umma, na kwa kuwa wachache sana waliwahi kutoa kwa maandishi, mahakama zililazimika kukisia nia ya watu waliokwisha kufa zamani. Sheria ya 1932 iliurahisisha mzozo huo kwa kusema kwamba, umma ukiitumia njia kwa miaka 20 bila kificho wala ruhusa, na mwenye ardhi asioneshe kwamba hakukusudia kuitoa, basi ihesabiwe kuwa ametoa. Nyayo zikawa ushahidi. Sheria za Ardhi za Tanzania ya 1999 na Kenya ya 2012 nazo zina vifungu vya haki ya njia ya umma, ila humo haki hiyo huundwa zaidi kwa ombi na uamuzi wa serikali. Huko Uingereza, sheria ya 1949 ikaziagiza halmashauri za kaunti kuandaa ramani rasmi, na kazi ya kwanza ikaangukia parokia, ambako wenyeji walitembea mipaka yao wakiandika kila ua, daraja na ngazi ya kuvukia. Parokia iliyokuwa na karani makini ilipata ramani iliyojaa mistari, na ile iliyokuwa na karani mvivu, au aliyemwogopa kabaila wake, ikapoteza njia nyingi kimyakimya. Leo Uingereza na Wales kwa pamoja zina takriban kilomita 225,000 za njia hizo, na bado watu wa kujitolea hupekua ramani za zamani wakitafuta zilizoachwa.

Vilima vya Chiltern vilitangazwa kuwa eneo la uzuri wa asili mwaka 1965, na mwaka huohuo ikaundwa Chiltern Society, ambayo wanachama wake walipaka mishale myeupe kwenye mashina ya miti ili kuonesha njia. Ridgeway ilifunguliwa rasmi mwaka 1973 kama njia ya kitaifa ya takriban kilomita 139, kutoka Overton Hill hadi Ivinghoe Beacon. Kusini-magharibi mwa Wendover inapita katika shamba la Chequers, nyumba ya mapumziko ya mawaziri wakuu wa Uingereza tangu 1921, ambako mtembeaji mwenye matope viatuni huvuka barabara ya kuingilia ya waziri mkuu, mbele ya kamera za usalama, bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote.