Uraia wa Siku Moja: Kurt Schwitters na Mabanda Yake

Kurt Schwitters alizaliwa Hannover, Ujerumani, mwaka 1887, akafia Kendal, Uingereza, tarehe 8 Januari 1948. Siku moja kabla ya kufa alikuwa amekubaliwa uraia wa Uingereza. Miaka kumi na moja ya ukimbizi, uraia wa siku moja. Habari ya kungojea karatasi wasomaji wa hapa wanaijua kuliko mimi ninavyoweza kuiandika, kwa hiyo naiacha. Nataka tuangalie kazi ya mikono ya huyu mzee.

Alisomea uchoraji wa kawaida Dresden, 1909 mpaka 1914, na maisha yake yote aliendelea kuchora milima na sura za watu kama alivyofundishwa. Lakini Vita vya Kwanza vilipokwisha na Ujerumani imevunjika, akaanza kuokota. Tiketi za tramu, makaratasi ya peremende, bahasha, waya, vipande vya mbao. Alibandika, akapigilia misumari, akapaka rangi juu yake. Katika picha moja alikuwa amekata tangazo la benki lenye neno Kommerz, yaani biashara, likabaki "Merz" peke yake, neno lisilo na maana yoyote. Akalipenda. Tangu 1919 kila alichofanya kikaitwa Merz: picha, mashairi, jarida lake, mpaka yeye mwenyewe.

Na alifanya mengi jamani. Shairi lake kuhusu Anna Blume, la 1919, lilimpa jina, ingawa wengi walimcheka. Alitunga Ursonate, utungo wa sauti tupu, hauna neno la lugha yoyote ile, na akausoma jukwaani mbele za watu bila aibu. Kutafuta mkate alipanga herufi na kubuni matangazo, akafanyia kazi kampuni ya wino ya Pelikan na pia manispaa ya Hannover.

Ila kazi iliyomla roho ilikuwa nyumba. Ndani ya nyumba ya wazazi wake, barabara ya Waldhausenstrasse namba 5, alianza kwa nguzo moja ya vitu vya kuokota. Nguzo ikaota matawi ya mbao na plasta, ikajaza chumba, ikahamia chumba cha pili. Aliiita Merzbau. Ndani yake alificha mapango madogo ya marafiki zake: la huyu penseli yake, la yule kipande cha tai, la mwingine shungi la nywele au ukucha. (Kwetu ukikusanya nywele na kucha za watu, utaitwa kwa mwenyekiti ujieleze.) Aliijenga zaidi ya miaka kumi, na hakuna mahali popote ambapo kitu kile kingeweza kubebwa.

Tarehe 2 Januari 1937 akaondoka. Gestapo walikuwa wanamtafuta, na mtoto wake Ernst alikuwa ameshatangulia Norway. Mwaka huohuo, kule München, Wanazi walitundika kazi zake katika maonyesho ya kuidhihaki sanaa waliyoiita potovu. Mke wake Helma alibaki Hannover kulinda mali. Alikuwa anakwenda Norway kumtembelea, mpaka vita vya 1939 vilipofunga njia, wasionane tena. Mabomu yaliifuta Merzbau Oktoba 1943. Mwaka uliofuata Helma alikufa kwa saratani. Leo nyumba ile tunaijua kwa picha chache zilizopigwa 1933.

Huko Lysaker, karibu na Oslo, akajenga ya pili. Wajerumani wakavamia Norway Aprili 1940, akakimbia tena, kaskazini hadi Tromsø, akapanda meli ya kuvunja barafu mpaka Uskoti. Waingereza wakampokea kwa kumfunga. Ndiyo, mtu aliyemkimbia Hitler akahesabiwa raia wa taifa adui, kwa sababu karatasi zake zilisema Mjerumani. Akapelekwa kambi ya Hutchinson, mjini Douglas, kisiwa cha Man: nyumba za wageni wa pwani zilizozungushiwa seng'enge. Alikaa humo kuanzia Julai 1940 mpaka Novemba 1941.

Humo alifanya kazi zaidi ya 200. Alichora sura za wafungwa wenzake, nyingine kwa malipo. Turubai hakuna, basi akabandua linoliamu ya sakafuni, akachora juu yake. Plasta hakuna, akafinyanga sanamu kwa uji wa asubuhi. Fred Uhlman, aliyefungwa naye, aliandika baadaye jinsi chumba kilivyonuka, na sanamu zilivyoota ukungu wa kijani. Hakuna hata moja iliyobaki.

Hapa nina neno langu. Huku kambini wageni huja na kamera, wanamkuta mtoto na gari lake la makopo, wanasema: tazama, hana kitu, ametumia takataka. Hawamwulizi kwa nini ameyaacha makopo matano akachukua lile la njano. Schwitters alianza takataka akiwa na nyumba, mke na mtoto. Angeweza kununua rangi, na alinunua. Tiketi ya tramu aliichagua. Uji ndio ulikuwa wa shida. Mambo haya mawili wageni huyachanganya, na ukiyachanganya unaona umaskini tu, fundi humwoni.

Alipofunguliwa aliishi London, akapata kiharusi 1944, na mwaka 1945 akahamia Ambleside, mji mdogo wa milimani, pamoja na Edith Thomas, aliyemtunza hadi mwisho. Aliwachorea wenyeji sura zao na milima yao, apate kula. Wapo wataalamu wanaozipita picha hizo haraka, eti ni za njaa. Mimi naona mkono ni uleule, na njaa pia ni sehemu ya historia.

Jumba la sanaa la New York, MoMA, lilimpa dola 1,000 mwaka 1947. Kwa fedha hiyo akaanza Merzbau ya tatu ndani ya banda la mawe huko Elterwater, mahali palipokuwa kiwanda cha baruti. Mwili umechoka, majira ya baridi yameingia, naye anapaka plasta juu ya mawe na vijiti. Alifika ukuta mmoja, nao hakuumaliza.

Ile ya Lysaker iliungua 1951, watoto walikuwa wakichezea moto. Ukuta wa Elterwater uling'olewa mzima mwaka 1965, ukapelekwa Newcastle, katika Hatton Gallery, na bado uko pale. Mwenyewe alizikwa Ambleside. Mwaka 1970 mabaki yake yakafukuliwa na kurudishwa Hannover.