Kabla ya Patreon kulikuwa na Kijuma: nani anamlipa msimulizi wa Lamu?

Vijana wengi wanaotaka kuanzisha blogu ya video huanza kwa kuuliza habari za kamera. Ninunue ipi? Maikrofoni je? Hayo ni maswali mepesi, ndugu msomaji. Swali zito ni hili: mwezi wa saba, hamu ya mwanzo ikishapoa, nani atalipa bando, nauli ya boti kutoka Amu hadi Faza, na chakula cha mpiga picha? Leo tuangalie jinsi swali hilo lilivyojibiwa zamani na sasa. Mfano wetu ni visiwa vya Lamu.

MSANII ALIYEANDIKIA WATEJA WA MBALI

Tuanze kabla ya kompyuta. Muhamadi Kijuma alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855, akafariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchonga milango na mwandishi mwenye mkono mzuri wa herufi za Kiarabu. Watu walimlipa awanakilie tenzi. Miongoni mwa wateja wake walikuwa wataalamu kutoka Ulaya: Alice Werner, William Hichens, na Ernst Dammann, Mjerumani aliyefika Lamu mwaka 1936. Na Hichens waliandikiana barua, kazi zikasafiri kwa posta.

Mtazame kwa jicho la mtu wa programu. Kazi anayo, njia ya kuisambaza anayo (posta), na malipo yanamfikia. Tena hakuwa na wateja elfu. Alikuwa na wachache walioithamini kazi yake hasa.

Lakini kuna upande wa pili. Nakala zake nyingi zimehifadhiwa London na Ujerumani. Aliyelipa ndiye aliyebaki na kazi. Tulikumbuke jambo hili, tutalirudia.

SHIDA YA KWANZA ILIKUWA NJIA

Blogu za video zilishika kasi Marekani mwaka 2004, mwaka ambao kipindi cha Rocketboom kilianza. Mwaka 2005 zikaja huduma za kuhifadhi video bure, blip.tv na YouTube. Ghafla mtu hakuhitaji seva yake mwenyewe.

Pwani yetu ilikuwa mbali na sherehe hiyo. Hadi mwaka 2009 intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti, bei juu na kasi ndogo. Piga hesabu: video ya dakika kumi, iliyobanwa mpaka megabiti 1 kwa sekunde, ni kama megabaiti 75. Kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde, kuipandisha kunachukua zaidi ya saa mbili na nusu. Mtandao ukikatika njiani, unaanza upya. Na Lamu wakati huo umeme wenyewe ulitoka kwenye majenereta ya dizeli.

Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa. Hazikufika Lamu, lakini bei zilianza kushuka, na minara ya simu ikafanya kazi iliyobaki.

SHIDA YA PILI: PESA KUPITA

Huko Marekani wanablogu wa video walishaanza kuchangishana. Katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na tovuti ndogo iliyoitwa Have Money Will Vlog: unaeleza mradi wako, unataja kiasi, wenzako wanachanga. Kickstarter ikalikuza wazo hilo mwaka 2009. Patreon, mwaka 2013, ikaongeza jambo moja kubwa: mchango wa kila mwezi unaokatwa wenyewe.

Sisi hatukuhitaji kufundishwa kuchanga. Harambee tunaijua, na Lamu sherehe za Maulidi zimekuwa zikitegemea michango tangu enzi za mababu. Tulichokosa ni bomba la kupitishia pesa. Kickstarter ilipoanza ilikuwa ya Wamarekani tu, na nchi zilipoongezwa kuanzia mwaka 2012 hatukuwamo. Matangazo ya Google yalilipa kwa hundi ya dola: uisubiri posta, kisha uisubiri benki.

La kuchekesha ni kwamba bomba zuri zaidi lilizaliwa hapa hapa. M-Pesa ilianza Machi 2007, miaka miwili kabla ya Kickstarter na sita kabla ya Patreon. Ila ilikuwa bomba bila koki: mchango uliingia kama ujumbe wa simu, na mwenye blogu akaandika majina daftarini. Vipande vilivyokosekana vikaja kimoja kimoja. M-Changa, mwaka 2012, iliiingiza harambee kwenye simu pamoja na hesabu zake. Mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, njia ya programu zetu kuzungumza na M-Pesa moja kwa moja. Mwaka 2018 PayPal ikaunganishwa na M-Pesa, basi jamaa aliye Toronto akaweza kumchangia aliye Shela. Mwaka 2024 ikaja M-Pesa Ratiba, malipo yanayojirudia. Hapo ndipo tulipoifikia Patreon.

HESABU YA MATANGAZO, HESABU YA MICHANGO

Kwa nini nimeng'ang'ania michango na YouTube inalipa matangazo? Kwa sababu ya hesabu.

Mwaka 2018 YouTube iliweka sharti la kupata pesa za matangazo: wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kila mtazamaji akikaa dakika tano, unahitaji watazamaji 48,000. Sasa, sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima ya Lamu. Yaani mtu mmoja kati ya watatu, watoto wachanga wakiwemo. Na hapo ndipo unaruhusiwa kuanza kulipwa tu!

Upande wa pili: watu 100, kila mmoja shilingi 100 kwa mwezi, ni shilingi 10,000. Hazitoshi kuishi, lakini bando na boti zinalipika. Ni hesabu ya Kijuma: wachache wanaojali.

Tena tofauti hii inaamua nini kitarekodiwa. Lamu imepita katika mambo mazito. Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe. Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa. Mvuvi wa Pate anayeeleza kwa Kipate jinsi njia zake za bahari zilivyobadilika hatapata watazamaji 48,000. Anaweza kupata mia moja wanaomhitaji kweli. Matangazo yatamwacha nje, michango itambeba.

NAKALA YAKO IWEKE NYUMBANI

Turudi kwa karatasi za Kijuma zilizokwenda Ulaya. Angalau huko zilitunzwa. Blip.tv ilifungwa Agosti 2015, na wasiohamisha video zao kwa wakati wakabaki mikono mitupu. Huduma ya bure ni nyumba ya kupanga bila mkataba.

Kwa hiyo: faili asili ziwe kwenye diski mbili, moja iwe nyumba nyingine, maana chumvi na unyevu wa pwani haviogopi diski. Nakala ya tatu ipandishe Internet Archive. YouTube itumie kama baraza la kukutania na watu, siyo ghala. Na orodha ya wachangiaji wako iwe mkononi mwako, kwenye jedwali la kawaida, nayo ifungwe kwa nywila. Ukiwa na faili na orodha hiyo, hata kampuni ikifunga milango kesho utahamia kwingine na watu wako mia moja.