Mahabusu wa Bihar

Januari 1979, gazeti la Indian Express lilichapisha makala ya K. F. Rustamji, mjumbe wa Tume ya Taifa ya Polisi ya India, kuhusu hali ya magereza ya jimbo la Bihar. Humo walikuwamo mahabusu waliokwisha kukaa miaka 5, 7, 9, wachache hata zaidi ya 10, na kesi zao hazijaanza kusikilizwa. Baadhi walishtakiwa kwa makosa madogo mno. Hata wangetiwa hatiani siku ya kwanza, wangekwisha kumaliza kifungo na kurudi makwao zamani. Walikuwamo pia wanawake wasio na shtaka lolote. Wao walikuwa mashahidi au waliotendewa uhalifu, nao wakafungiwa eti kwa usalama wao!

Kilichowaweka wengi ndani ni umaskini. Dhamana ilidai fedha au mdhamini mwenye mali, na kibarua wa Bihar angevipata wapi?

Wakili Kapila Hingorani aliisoma habari ile, akaifikisha Mahakama ya Juu mjini Delhi. Kesi ikabeba jina la mahabusu mmojawapo, Hussainara Khatoon. Jaji P. N. Bhagwati alikuwa na kazi ngumu, kwa kuwa Katiba ya India, tofauti na ya Marekani, haitaji popote haki ya kesi kusikilizwa haraka. Akaishika ibara ya 21, inayokataza mtu kunyimwa uhai au uhuru isipokuwa kwa utaratibu wa sheria. Mwaka 1978 mahakama hiyohiyo ilikwisha kuamua kwamba utaratibu huo sharti uwe wa haki. Basi utaratibu unaomsahau mtu rumande miaka na miaka, una haki gani? Serikali ilizuiwa hata kujitetea kwamba haina fedha. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito wa hukumu ile, maana kisingizio hicho hakikosi wa kukitumia.

Mahabusu wakaanza kuachiwa, wengi kwa ahadi yao wenyewe tu. Inakadiriwa kesi hiyo iliwatoa watu wapatao 40,000. Mwaka 2005 sheria ikaongezwa kifungu: mahabusu aliyekaa nusu ya adhabu ya juu ya kosa lake apewe dhamana, isipokuwa kosa hilo lina adhabu ya kifo.

Hata hivyo, kwa takwimu za 2022, takriban robo tatu ya watu waliomo katika magereza ya India bado ni mahabusu wanaosubiri hukumu.