Malkia Ingeborg wa Ufaransa na Sheria ya Ndoa ya Kanisa

Wasomaji wa historia ya Kanisa humfahamu Papa Innocent III kwa ugomvi wake na wafalme, na kwa Mtaguso wa Nne wa Laterano wa mwaka 1215. Ni wachache wanaomkumbuka mwanamke ambaye kilio chake kilimfikia Papa huyo tangu mwanzo wa utawala wake mwaka 1198. Katika makala hii twataka kumtazama mwanamke huyo, Malkia Ingeborg, kwa maana habari zake zinatuhusu sisi tulio katika utumishi wa Neno.

Ingeborg alikuwa binti wa Mfalme Valdemar I wa Denmark, na dada wa wafalme wawili waliofuata, Knud VI na Valdemar II. Mwezi Agosti 1193 aliozwa huko Amiens kwa Mfalme Philippe II wa Ufaransa, mjane aliyefiwa na mkewe Isabelle wa Hainaut mwaka 1190. Kesho yake Ingeborg alitawazwa kuwa malkia. Na siku hiyo hiyo mfalme akamkataa.

Mwezi Novemba kikao cha maaskofu na wakuu kilikutana Compiègne. Mwenyekiti wake alikuwa Askofu Mkuu wa Reims, mjomba wa mfalme. Ikaapwa kwamba Ingeborg na marehemu Isabelle walikuwa na undugu wa mbali, kwa hiyo ndoa ilikuwa batili. Ingeborg hakujua Kifaransa. Alipofasiriwa hukumu hiyo alilia, akailaumu Ufaransa, akakata rufaa Roma. Wadenmark walipeleka orodha ya nasaba kuonyesha kwamba kiapo kile hakikuwa cha kweli, na mwaka 1195 Papa Celestine III akaitangua hukumu.

Mfalme hakujali. Mwaka 1196 alimwoa Agnes wa Merania, akazaa naye watoto. Ndipo Innocent III alipoifungia Ufaransa huduma za Kanisa, kuanzia Januari hadi Septemba 1200. Makanisa yalifungwa, na wafu wakakosa maziko ya Kikristo. Maaskofu walioitii amri hiyo, miongoni mwao Eudes de Sully wa Paris, walinyang'anywa mali. Hapa hatuna budi kukiri kwamba adhabu ya dhambi ya mfalme iliwaangukia watu wadogo wasio na hatia.

Agnes alifariki mwaka 1201, na Papa akawahalalisha watoto wake. Lakini Ingeborg hakurudishiwa nafasi yake. Alifungwa katika ngome ya Étampes hadi mwaka 1213. Katika barua zake kwa Papa alilalamika kwamba alipungukiwa chakula na mavazi, na kwamba alinyimwa padre wa kumsikiliza maungamo. Mfalme naye alikuwa amebadili hoja, akidai kwamba uchawi ulizuia ndoa kukamilika. Alipomrudisha mwaka 1213, alikuwa akijiandaa kuivamia Uingereza, na urafiki wa Denmark ulimfaa.

Baada ya mfalme kufa mwaka 1223, Ingeborg aliheshimiwa kama malkia mjane. Aliishi katika nyumba ya watawa aliyoianzisha karibu na Corbeil, na huko akazikwa. Zaburi zake zilizopambwa kwa picha zimehifadhiwa hadi leo huko Chantilly.

Tunajifunza nini? Kwanza, sheria iliyotungwa kulinda ndoa iligeuzwa kuwa mlango wa kuivunja. Wakati ule ndoa ilikatazwa hadi daraja la 7 la undugu, na katika koo za kifalme ilikuwa rahisi kumtafutia karibu kila mke undugu wa namna hiyo. Mtaguso wa 1215 ulipunguza madaraja hayo hadi 4, ukikiri kwamba makatazo ya zamani yalileta madhara makubwa.

Pili, kosa la Compiègne halikuwa la kukosa elimu. Maaskofu wale waliijua sheria. Walichokosa ni ujasiri mbele ya mtawala aliyewalisha. Kwa miaka 20 mwanamke mgeni, asiye na jamaa karibu wala lugha ya kujitetea, alishikilia neno moja tu: kwamba yeye ni mke halali. Nasi tunapoketi katika mabaraza yetu kuamua mashauri ya ndoa, tujiulize kwanza ni nani aliyeko mbele yetu asiye na mtu wa kumsemea.