Kasuku anayejinyonyoa manyoya si mkorofi, huenda ni mpweke!

Mwaka 1977 mwanadada mmoja mtafiti wa Kimarekani alinunua kasuku wa kijivu dukani, Chicago. Hakumfundisha kwa kiboko. Watu wawili waliulizana mbele yake, "Hiki nini?" Aliyepatia alipewa kitu chenyewe. Kasuku akaona wivu, naye akaanza kutaja! Mpaka anakufa 2007, alijua maneno zaidi ya 100 na kuhesabu hadi 6. Akichoshwa na maswali, aliomba arudishwe kwenye tundu lake.

Sasa wadau, ndege mwenye akili hivyo ukimfungia peke yake kutwa nzima, si lazima apige kelele, ang'ate watu, ajinyonyoe? Mpe vijiti atafune, mfichie chakula akitafute, piga naye stori. Wa kwako vipi?