Unururifu na Kilo: Historia ya Kipimo na Istilahi Yake

Unururifu ni tabia ya baadhi ya atomu kuvunjika zenyewe na kutoa mionzi. Katika nyaraka za kitaalamu tabia hiyo hupimwa kwa njia mbili ambazo mfasiri hana budi kuzitenga. Ya kwanza ni jumla ya atomu zinazovunjika kwa sekunde katika kitu kizima. Ya pili ni jumla hiyo ikigawanywa kwa tungamo la kitu hicho. Historia ya vipimo yaonyesha kwa nini zinahitajika istilahi mbili.

Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua huko Paris kwamba chumvi za urani hutoa mionzi bila kuchochewa na mwanga. Marie Curie alitaka kujua ni kiasi gani. Alitandaza unga wa madini mbalimbali juu ya bamba, akapima mkondo hafifu wa umeme uliosababishwa hewani na mionzi, kisha akaulinganisha na ule wa urani. Mwaka 1898 alibaini kwamba pichiblendi, jiwe jeusi lenye urani, liliishinda urani yenyewe. Asingeweza kudai hivyo kwa kulinganisha pande kubwa na kipande kidogo. Ulinganifu huo wa haki ndio uliomwongoza yeye na mumewe, Pierre, kwenye poloni na radiamu mwaka huo huo.

Mwaka 1910 mkutano wa wataalamu mjini Brussels uliunda kizio cha kyuri, kwa kutumia gramu moja ya radiamu kama kigezo. Baadaye kyuri iliwekwa kuwa atomu bilioni 37 zinazovunjika kwa sekunde. Gramu ya urani ya kawaida ya namba 238 haifikii hata kidogo kiwango hicho: huvunja atomu zipatazo 12,400 tu kwa sekunde, kwani nusu yake huchukua miaka bilioni 4.5 kuvunjika, ilhali nusu ya radiamu huchukua miaka 1,600.

Mwaka 1975 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulipitisha kizio cha bekereli, yaani atomu moja kwa sekunde. Kyuri ilizaliwa pamoja na gramu. Bekereli haina tungamo lolote ndani yake. Tangu hapo, tungamo lisipotajwa kwa maneno, halipo.

Athari yake si ndogo. Baada ya ajali ya Chernobyl, mwaka 1986, Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya iliweka kikomo cha bekereli 370 za sizi kwa kilo ya maziwa. Tuchukue mfuko wa kilo 25 wenye bekereli 20 kwa kilo. Jumla yake ni bekereli 500. Mfasiri akiandika “500” na kuacha “kwa kilo” katika kikomo, maziwa salama yatakataliwa. Makosa ya upande wa pili yatapitisha yasiyo salama. Nchini Tanzania, ambako Tume ya Nguvu za Atomiki hupima vyakula, hati za namna hii husomwa na maofisa wengi wasio wanafizikia.

Kwa hiyo twapendekeza “unururifu” kwa dhana ya kwanza na “unururifu kwa tungamo” kwa ya pili. Kuongeza tu kivumishi “mahususi”, kwa kufuata lugha za Ulaya, hakutoshi, maana hakimdokezei msomaji kwamba kuna kilo inayohusika. Istilahi ndefu kidogo inayoeleza kipimo chake ni bora kuliko fupi inayokificha.